Boti ya weikibodi iliyotumika: ya 1999 au ya 2014 kwa maji ya Lamu?

Kijana wa Shela ameuliza:

Assalaam aleikum wakubwa wangu na ndugu zangu nyote.

Mimi na kaka yangu tunaendesha shughuli ndogo ya michezo ya majini hapa Shela. Tuna boti moja ya faiba yenye injini ya nje ya Yamaha, ambayo huwapeleka wageni Takwa na Manda Toto na, msimu wa Kaskazi, huwavuta kwa kamba wale wanaotaka kuteleza juu ya ubao, yaani weikibodi. Kazi hii ya kuvuta imeongezeka, nayo boti yetu haikuundwa kwa ajili hiyo. Wimbi lake la nyuma ni dogo na limejaa povu, kamba tunaifunga chini karibu na injini, na mgeni anayeujua mchezo huanza kuuliza kama tuna boti nyingine. Tumeamua kununua boti iliyotengenezwa hasa kwa weikibodi, na kwa kuwa mpya hatuiwezi, tunatafuta iliyotumika.

Tumepata mbili. Ya kwanza ni Nautique ya 1999, yenye mnara wa kufungia kamba na injini ya V8 iliyowekwa shetrini (nyuma), ambayo saa za injini yake zinasoma 1,100. Haina skrini wala matangi ya farumi, yaani ya maji ya kuongeza uzito ili wimbi likue. Ya pili ni Malibu ya 2014 yenye saa 480, matangi ya farumi yaliyojengwa ndani, skrini ya kugusa, na yale mabapa ya nyuma yanayotengeneza wimbi la kuteleza bila kushika kamba. Bei ya hii ya pili ni karibu mara tatu ya bei ya kwanza, na tukiichukua itabidi tukope.

Kaka yangu anasema kwamba chombo cha kibiashara kinunuliwe kikiwa na miaka michache na saa chache, kwa sababu mgeni hutazama kwa macho kabla ya kuingia. Mimi nasita, kwa kuwa kila kitu kilichomo ndani ya ile ya 2014 kinategemea umeme, na hapa kwetu hewa yenyewe ni chumvi. Naomba wenye ujuzi wa boti hizi watueleze: tofauti kati ya miundo ya zamani na ya sasa ni ipi hasa, na ipi kati ya tofauti hizo inafaa kulipiwa fedha?

Fundi wa Malindi amejibu:

Waaleikum salaam ndugu yangu. Umezipima boti hizi kwa miaka na kwa saa za injini, na vipimo vyote viwili vina maana, lakini kwetu pwani liko jambo linalotangulia.

Nautique, Malibu na MasterCraft zote ni boti za Marekani zilizobuniwa kwanza kwa maziwa. Kwa sehemu kubwa injini zake ni V8 zenye asili ya gari, zilizogeuzwa kwa kazi ya majini, na katika hali ya kawaida hupozwa kwa maji yaleyale ambayo boti inaelea juu yake. Pampu huyavuta kutoka chini ya boti, yakapita ndani ya bloku na vichwa vya silinda, yakaingia katika mabomba ya moshi, kisha yakatupwa nje kwa nyuma. Ziwani hakuna ubaya wowote. Baharini, chuma huliwa kutoka ndani, mahali ambapo mnunuzi hapaoni, huku rangi ya nje ikiwa bado inang'aa. Niliwahi kufungua bomba la moshi la injini ya namna hiyo, nikakuta njia ya maji ambayo kidole gumba kingepita imebaki tundu la kupitisha penseli. Sehemu iliyobaki yote ilikuwa magamba ya kutu yanayobanduka tabaka juu ya tabaka. Mwenye boti alikuwa analalamika kwamba joto hupanda akikimbiza mwendo, na fundi aliyemtangulia alikuwa amembadilishia thamostati tu, yaani kidhibiti joto cha injini.

Namna nyingine ni mfumo wa kupoza uliofungwa, ambapo kulanti (kimiminika maalumu cha kupozea) huzunguka ndani ya injini na maji ya bahari hupita katika kibadilisha joto peke yake. Hapa pia pana daraja mbili, nawe uzitofautishe kabla ya kutoa hata shilingi. Mfumo wa nusu huilinda bloku na vichwa, lakini mabomba ya moshi huendelea kupitisha maji ya chumvi. Mfumo kamili huyaingiza na mabomba katika mzunguko wa kulanti, ikabaki viwiko vya nyuma tu ambako maji na moshi hukutana. Muuzaji akikwambia kwamba boti "ina kulanti", muulize inafika wapi. Mabomba yanayopitisha maji ya bahari huhesabiwa maisha ya miaka mitano au sita hivi, kisha hubadilishwa hata kama nje yanapendeza, kwa sababu yakitoboka kwa ndani maji huingia katika silinda na injini yote hupotea.

Kwa hiyo maswali yangu ya kwanza kwako ni haya mawili: kila boti imeishi katika maji gani, na kila moja inapozwa vipi? Boti ya 2014 iliyokaa baharini bila kulanti yaweza kuwa imechakaa kuliko ya 1999 iliyokaa ziwani, na saa za injini hazitakuonyesha hilo, kwani chumvi iliyobaki ndani inaendelea na kazi yake usiku kucha wakati kipima saa kimesimama.

Kuhusu tofauti za miundo, nitasema zile tu zinazogusa mfuko wako. Boti za miaka ya 1980 zilikuwa na mihimili ya mbao chini ya sakafu, iliyofunikwa kwa faiba, na mbao hiyo huoza pole pole kupitia matundu ya skrubu. Watengenezaji wa Nautique waliiacha mbao mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa hiyo hiyo ya 1999 haina ugonjwa huo, ingawa povu lililojazwa chini ya sakafu laweza kunywa maji na kuongeza uzito. Tangu 2010 sheria za Marekani zinazitaka injini za ndani za petroli ziwe na kichujio cha kusafisha moshi, yaani kataliti, pamoja na vihisio vyake vya oksijeni. Ni jambo jema kwa hewa, lakini kataliti iliyoingiliwa na maji ya chumvi ni gharama kubwa, na boti yako ya pili imetoka baada ya mwaka huo. Itazame kama inayo.

Injini ya V8 yenye matunzo katika maji matamu hupita saa 1,000 bila shida. Saa 1,100 zisikutishe, wala 480 zisikutulize.

Bi Mawimbi, Watamu amejibu:

Fundi amesema kweli tupu kuhusu chumvi. Naomba hata hivyo kaka yako naye asikilizwe, kwa sababu amegusa upande wa mapato, na chombo cha biashara hakinunuliwi kwa ajili ya injini peke yake.

Weikibodi yenyewe, ile ya kufunga miguu kwenye ubao na kuvutwa kwa kamba ya mita 20 hivi, hutaka mwendo wa kilomita 30 hadi 38 kwa saa. Anayeanguka kwa mwendo huo huyapata maji yakiwa magumu, na wageni wengi wenye umri mkubwa hujaribu mara moja wakaacha. Kuteleza wimbini bila kamba ni mchezo mwingine kabisa: boti huenda kilomita 16 hadi 19 kwa saa, mchezaji yuko karibu na shetri, akianguka huzama taratibu kama aliyeruka kutoka gatini, na hivyo bibi wa miaka sitini na mtoto wa miaka kumi wote hushiriki. Mabapa unayoyaona nyuma ya Malibu yalianza kuuzwa katika mifano ya 2013, na wengine wakafuata na ya kwao. Kabla yake, kupata wimbi la kuteleza kulimaanisha kujaza farumi upande mmoja hadi boti iende imelala ubavu, abiria wote wamerundikana huko, na nahodha haoni vizuri mbele. Mabapa huacha boti iende sawa, na wimbi huhamishwa kutoka kulia kwenda kushoto kwa kubonyeza kitufe. Tofauti hiyo ni ya kweli na ina thamani.

Tena nataka niseme jambo ambalo halijaulizwa. Mgeni akikuomba umtelezeshe bila kamba nyuma ya boti yenu ya sasa, kataa, hata akikulipa mara mbili. Rafadha (propela) ya injini ya nje iko nyuma kabisa ya shetri, mahali anapoangukia mchezaji. Boti hizi mbili unazozitaja zina rafadha iliyofichwa chini ya tumbo la boti, mbele ya usukani, na hiyo ndiyo sababu zinaruhusiwa kwa mchezo huo. Hata nyuma ya hizo, mtu asining'inie kwenye jukwaa la kuogelea injini ikiwaka, kwa sababu moshi wa petroli una gesi ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, nayo hukusanyika hapo hapo.

Sasa upande wa hasara. Pampu za farumi huvuta maji pamoja na mchanga, na hapa kwetu Mto Sabaki ukishuka wakati wa mvua bahari ya Malindi hugeuka rangi ya udongo. Pampu ndogo za plastiki haziyavumilii maji hayo. Skrini ikizimika katika baadhi ya boti za kisasa, huwezi kujaza farumi wala kuweka mwendo, hata kama injini ni nzima. Halafu kuna mafuta. Boti nyepesi ya zamani inavuta kwa lita 15 hadi 20 kwa saa. Nzito iliyojaa farumi, ikisukuma wimbi kubwa, yaweza kufika 25 hadi 30. Pigeni hesabu ya bei ya petroli ya Lamu, ambayo huvushwa kwa maji, kabla ya kupanga bei ya mgeni.

Nahodha wa Mkomani amejibu:

Mwanangu, nimesoma maneno ya fundi na ya Bi Mawimbi, na yote nayakubali. Langu linahusu mahali. Boti hizi hazikuundwa kwa Lamu, na kabla ya kuchagua kati yake ni lazima mjue itakaa wapi ikiwa haifanyi kazi.

Injini yenu ya nje mnainyanyua maji yakipwa, boti ikalala juu ya mchanga, na maji yakijaa mnaondoka. Boti ya shafti, yaani fimbo ya chuma inayozungusha rafadha, haina ruhusa hiyo. Shafti, rafadha na usukani vimefungwa chini moja kwa moja, havinyanyuki, na boti ikikalia mchanga uzito wote huvikalia hivyo. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa kwetu hupita mita tatu, kwa hiyo mahali panapoonekana kuwa na kina asubuhi huweza kuwa ufuko mchana. Mtahitaji boya lenye nanga nzito katika maji yasiyokauka, na mtu wa kulitazama. Njia ya Mkanda kuelekea Pate muisahau wakati wa kupwa.

Jambo la pili ni kwamba boti za maziwa hukaa juu ya trela na kuingia majini kwa saa chache. Kisiwani hatuna mahali pa trela, isipokuwa mvuke nayo Mokowe. Boti ikilala baharini wiki baada ya wiki, tumbo lake lisilopakwa rangi ya kuzuia viumbe hushika magamba na majani, mwendo hupungua na mafuta huongezeka. Kwa hiyo katika bei ya boti yoyote mtakayochukua, ongezeni rangi hiyo na zinki za kulinda shafti na usukani, kwani boti iliyotoka ziwani huenda ikawa haina zinki ya kutosha au haina kabisa.

La tatu ni wimbi lenyewe. Boti kubwa ya siku hizi hupita kilo 2,000 ikiwa tupu, na farumi huongeza kilo mia kadhaa hadi elfu na zaidi. Wimbi linalomfurahisha mchezaji halikomi kwake. Linafika kwenye ngazi za Shela, linagonganisha majahazi yaliyofungwa, linamtikisa mzee aliye ndani ya mtumbwi wa mshipi. Ule mkondo kati ya Lamu na Manda ni wa watu wote. Mkienda na boti nzito, kazi ifanywe mbali, upande wa ndani wa Manda ambako maji yametulia, na nje ya fungu, kwenye bahari wazi, msitoke nayo wakati wa Kusi, kwa sababu kingo za boti hiyo ni fupi na tumbo lake halikuchongwa kukata bahari kubwa. Msimpe yeyote sababu ya kuuchukia mchezo huu. Kuhusu karatasi, nendeni KMA (Mamlaka ya Bahari ya Kenya) mapema kwa ukaguzi na usajili, msisubiri msimu ufunguke.

Kijana wa Shela amejibu:

Nawashukuru sana, Mzee wangu Nahodha, Bi Mawimbi na Fundi. Mambo ya boya na ya wimbi tumeyajadili jana usiku na kaka yangu, na sehemu ya kufunga tumeipata upande wa Ras Kitau, penye maji hata wakati wa kupwa.

Nimewauliza wauzaji maswali mawili ya fundi. Nautique ya 1999 imeishi Naivasha tangu iingie nchini, kwenye trela, chini ya banda. Haina kulanti, hupozwa kwa maji ya ziwa moja kwa moja. Malibu ya 2014 imekaa Kilifi, katika hori, kwenye boya. Ina kulanti, na nilipouliza inafika wapi, muuzaji alichukua muda akarudi na jibu kwamba ni ya bloku tu. Mabomba ya moshi ni yaleyale iliyotoka nayo kiwandani. Kataliti anasema iliondolewa na mmiliki wa awali, naye hajui kwa nini.

Basi tumechanganyikiwa zaidi, kwa sababu ile yenye kulanti ndiyo iliyokaa chumvini, na isiyo nayo ndiyo safi. Tukiileta ya Naivasha baharini jinsi ilivyo, si tutaiharibu wenyewe?

Fundi wa Malindi amejibu:

Ndugu yangu, majibu hayo hayakuchanganyi, yanakuonyesha njia. Mkiileta ya Naivasha jinsi ilivyo, mtaiharibu, ni kweli. Lakini mfumo wa kulanti huuzwa kama seti na huweza kufungwa kwenye injini ambayo haikuwa nao, kwa sharti moja kubwa: njia za maji za ndani ziwe safi. Ukiifunga seti kwenye injini iliyokwisha kunywa chumvi, kutu hubanduka, husafiri na kulanti, na kwenda kuziba kibadilisha joto. Injini ya ziwani ndiyo hasa inayostahili kufungwa mfumo huo, na wakati wake ni kabla boti haijagusa bahari hata mara moja. Uliza seti kamili inayoingiza mabomba ya moshi. Fungu la fedha mnalobaki nalo mkiacha Malibu linatosha kazi hiyo na mengine mengi, tena bila mkopo.

Thamostati nayo hubadilishwa. Injini inayopozwa kwa maji ya bahari moja kwa moja huwekewa ya nyuzi 60 hivi za Selsiasi, kwa kuwa joto likizidi hapo chumvi huanza kuganda kwenye kuta za njia za maji. Yenye kulanti hufanya kazi kwenye nyuzi 70 na zaidi, na injini ya petroli hupenda joto hilo: mafuta huungua vizuri na oili haikai na unyevu.

Malibu ile siikatai kwa sababu ya umri au umeme wake. Ninayoikataa ni mabomba ya moshi ambayo yamepitisha maji ya chumvi tangu kiwandani bila kubadilishwa, na kataliti iliyotolewa bila mtu kujua sababu. Kataliti hazitolewi ovyo. Huenda ilivunjika, na kama ilivunjika kwa kuingiliwa na maji, maji hayo yalikuwa yanaelekea kwenye silinda. Muuzaji akikubali mabomba yafunguliwe mbele yenu na silinda zichunguzwe kwa kamera ndogo ya waya, mazungumzo yaweza kuanza upya kwa bei nyingine. Asipokubali, mwacheni nayo.

Sasa nendeni Naivasha, na msinunue kwa picha. Fikeni asubuhi injini ikiwa baridi, na mwambieni mwenyewe mapema asiiwashe, kwa sababu injini iliyokwisha pashwa moto huficha tabu ya kuwaka. Chomoeni kijiti cha oili kwanza. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Toeni plagi zote nane na kupima mgandamizo wa kila silinda. Nambari yenyewe si muhimu kuliko ulingano, na tofauti kati ya ya juu na ya chini isizidi asilimia 10 hadi 15. Fungueni kifuniko cha pampu ya maji mtazame impela ya mpira: kama bawa moja limekatika, kipande chake kiko mahali fulani ndani ya injini na ni lazima kitafutwe. Halafu shukeni chini ya trela, mshike rafadha na kuitikisa juu na chini. Ikicheza sana, mpira unaobeba shafti umekwisha. Tembeeni juu ya sakafu bila viatu, mkikanyaga kila sehemu kwa kisigino, hasa karibu na nguzo za mnara na chini ya kiti cha nahodha. Mkiweza, pitisheni boti na trela yake kwenye mizani ya malori, kisha trela peke yake, mlinganishe na uzito ulioandikwa kwenye kijitabu. Kilo nyingi zisizoelezeka ni maji yaliyo ndani ya povu.

Kabla ya kuwasha, feni ya kutoa hewa ya ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti) ifanye kazi dakika nne kamili, kila siku, kila safari. Mvuke wa petroli ni mzito, hukaa chini, na injini ya ndani haina hewa ya kuupeperusha kama mliyoizoea. Kwa sababu hiyo hiyo, siku alteneta au stata ikiharibika, msikubali fundi wa gari awafungie ya gari eti inafanana. Ya boti imezibwa cheche.

Baada ya kila kazi, injini isafishwe kwa maji matamu dakika kumi hata ikiwa na kulanti, maana kibadilisha joto na viwiko bado vinapitisha bahari. Najua maji ya Shela hutoka kwenye visima vya vile vilima vya mchanga na si ya kumwaga. Pipa moja lenye mpira wa kuvutia linatosha.

Bi Mawimbi, Watamu amejibu:

Kwa maelezo hayo mapya, mimi pia naegemea ya Naivasha, na kaka yako nampa habari njema. Kuna kipande cha plastiki kinachobandikwa kwa vikombe vya kunyonya ubavuni mwa boti, karibu na shetri, upande ulio mkabala na ule anaotelezea mchezaji. Hufanya kazi inayofanana na ya mabapa ya Malibu, kinahamishwa kwa mkono, na hakina waya hata mmoja. Pamoja nacho nunueni mifuko miwili ya farumi ya kuwekwa shetrini, kila mmoja wa kilo 200 au 300, ambayo hujazwa kwa pampu ya umeme na kuondolewa msimu ukiisha. Msizidishe uzito ulioandikwa kwenye kijitabu cha boti, mkiwahesabu na abiria, na kumbukeni kwamba boti ya 1999 haikukusudiwa kubeba farumi nyingi kama za leo.

Kidhibiti mwendo nacho huongezwa kwenye boti ya zamani. Kampuni ya PerfectPass imekuwa ikivitengeneza tangu miaka ya 1990, na vya sasa husoma mwendo kwa setilaiti, kwa hiyo mkondo wa maji na upepo wa nyuma mvizingatie mnapokiseti. Mgeni wa kuteleza anahisi kasi ya maji, wala hajui kasi ya ardhi. Mkienda na mkondo, ongezeni kidogo. Mkirudi kinyume chake, punguzeni. Viti tu ndivyo nisingebakiza vilivyo: vishonwe upya kwa ngozi ya plastiki inayostahimili jua kabla ya Kaskazi kuingia, kwa rangi nyeupe, isiyochoma mapaja ya watu saa saba mchana.